Firigogo Walipokataa Kutua

Mwanangu, hebu weka hiyo darubini yako chini, unywe chai kwanza. Kesho unakwenda kutazama ndege bwawani, nami moyo unanidunda kana kwamba safari ni yangu!

Nakumbuka asubuhi tuliyofikisha ngamia kwenye bwawa la vilimani, upande wa Lafey. Mvua za gu, yaani masika yetu, zilikuwa zimechelewa. Yalikuja mawingu tu, na baridi ya kugonganisha meno. Nilikuwa msichana. Katika kundi alikuwamo Adey, ngamia jike mweupe niliyepewa na marehemu baba, mali yangu pekee duniani.

Ngamia walishanusa maji, wakawa wanasukumana. Mjomba wangu akataka kuwaachia. Ayeeyo, yaani bibi yangu, akamshika mkono.

"Ngoja. Firigogo wanywe kwanza."

"Mama, wallahi wanyama wanakufa kwa kiu, wewe unangojea ndege?"

"Simama hapo, uangalie juu!"

Ndivyo tulivyozoea. Ndege hao huja kunywa asubuhi, na mifugo haishuki kabla yao. Basi wakaja, mwanangu, kundi kwa kundi, anga lote kelele! Wakazunguka, wakashuka karibu kugusa maji, kisha wakapaa wote pamoja. Wakarudi. Wakapaa tena. Adey alikuwa mbele ya wenzake, anavuta kuelekea majini. Nikaning'inia kwenye kamba yake kwa nguvu zangu zote, naogopa na sijui naogopa nini.

Mara nyasi za ukingoni zikatikisika. Simba jike akainuka, akatutazama kama mtu aliyeharibiwa shughuli, akaenda zake. Mjomba, na maneno yake yote yale, akarudi nyuma kusimama kando ya Ayeeyo.

Ndipo firigogo wakatua. Nilicheka mpaka nikalia! Dume mmoja akajilowesha manyoya ya kifua, akaruka na maji hayo kuwapelekea makinda wake. Ayeeyo akasema, "Haya, sasa zamu yetu."

Kesho usiyakimbilie maji, mwanangu, wala usikimbilie picha. Simama mbali, utazame ndege wanafanya nini. Wakikataa kutua, nawe kataa, hata wenzako wakucheke. Mungu ayatunze macho yako, akurudishe nyumbani mzima, uje unihadithie kila ulichokiona.

Na chai hiyo, imalize. Maziwa yake ni ya uzao wa Adey.