Nilikwenda Kuposa na Mabuti ya Skii Miguuni

Kosa ni langu. Nalisema mapema asije mtu akadhani namsingizia muuza viatu, au baridi, au rafiki yangu Sudi. Ni mimi mwenyewe, mwanaume wa miaka thelathini na tisa, dereva wa basi, niliyejiponza kwa mdomo wangu. Jina mniwie radhi silitaji. Barking, mtaa wetu huu wa Landani, ni ndogo kuliko mnavyodhani, na nimeshachekwa vya kutosha.

Kuna binti, hapa nitamwita Rehema. Ni muuguzi, asili yake Tanga, amelelewa na shangazi yake hapahapa Landani. Nampenda, jamani. Sina namna nyingine ya kulisema. Tulikuwa tumejuana miezi minane na nilishaamua kuposa.

Siku moja akaniambia wenzake wa wodini wamekodi basi, wanakwenda kushinda kwenye jumba moja nje ya mji ambalo ndani yake kuna mlima wa theluji. Watu wanavaa mbao ndefu miguuni na kuteleza, hiyo ndiyo skii. Akaniuliza kama nimewahi. Swali la kawaida tu! Mtu mwenye akili angejibu sijawahi, maisha yakaendelea.

Mimi nikamwambia, "Rehema, mimi mtoto wa Moshi. Theluji nimekua nayo."

Uongo mtupu! Theluji ya Kilimanjaro niliiona kwa mbali kupitia dirisha la darasa, tena siku mawingu yakitaka. Ya kwanza kuigusa niliigusa Barking, juu ya mfuniko wa pipa la taka. Lakini nyinyi hamkuyaona macho ya Rehema. Yalinawiri. Akasema basi nitamfundisha. Ningerudi nyuma vipi hapo?

Wenzake wote walikuwa wakodi viatu hukohuko. Nikasema bingwa hakodi viatu. Sijui nilikuwa na nini wiki ile, wallahi.

Tukaenda dukani, katikati ya mji. Fundi wa kupima miguu, Mwingereza mmoja mpole, akanivua soksi, akanipima urefu, akanipima upana, akashangaa kidogo. Mguu wangu ni mpana, nimesoma shule ya msingi pekupeku. Halafu akauliza mimi ni wa kiwango gani: naanza, niko katikati, au mzoefu. Rehema yuko pembeni ananitazama.

Nikasema mzoefu sana.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kumbe anayeanza hupewa buti laini lenye nafasi, na bingwa hupewa gumu jembamba linaloukamata mguu usicheze hata kidogo. Akaniletea mabuti mekundu ya plastiki, magumu kama ndoo ya ujenzi, yenye vifungo vinne vya chuma kila upande. Ndani yake kuna kiatu kingine laini. Akanisaidia kuvaa, akafunga, akaniambia nisimame nipige magoti kidogo.

Mama yangu! Vidole vilipanda juu ya vingine. Fundi akaniuliza kama yananibana, akasema asione aibu mtu kusema, yeye anaweza kulipasha moto lile ganda la nje la plastiki na kulitanua pale penye upana, nirudi baada ya siku tatu. Machozi yananilenga, namtazama Rehema, Rehema anatabasamu.

"Hayabani," nikasema. "Yako barabara."

Sasa sikilizeni. Posa ilikuwa Jumamosi, safari ya theluji Jumapili yake. Kwa mila mposaji habebi barua yake, mshenga ndiye anayekwenda. Ila Shangazi alisema huku ugenini hana jirani wa kumuulizia habari zangu, kwa hiyo barua ije na mwenyewe, amtazame. Sudi, dereva mwenzangu, ndiye aliyekuwa mshenga. Tulitakiwa saa nane mchana, na Shangazi alishamrudisha mtu mmoja kwa kuchelewa robo saa.

Asubuhi ya siku hiyo nikaona nina muda wa kutosha, ngoja niyalainishe mabuti. Si fundi alisema moto? Nikavitia vile viatu laini vya ndani kwenye oveni kwa moto mdogo, kisha nikavirudisha kwenye maganda yake. Miguu nikaipaka mafuta ya mgando, nikavaa soksi, nikashindilia. Yakaingia! Yalikuwa ya moto na laini, nikafunga vifungo vyote mpaka tundu la mwisho. Nikajipongeza. Kisha nikatoka kwenye roshani, ghorofa ya nne, nisimame palepale yapoe na kushika umbo la mguu wangu. Nje barafu imeganda kwenye vyuma. Nikasimama nusu saa nzima, nimefurahi.

Nani aliniambia kwamba plastiki ile ikipata baridi inakuwa chuma? Niliporudi ndani vifungo vilifunguka, lakini ganda halikuachia. Miguu nayo ilishavimba kwa joto. Nikavuta, nikalala chali nikavuta, nikakwamisha kisigino mlangoni nikavuta. Wapi!

Sudi akafika na kanzu yake na sinia la keki. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatazama saa, akaacha kucheka, akanishika buti tukavutana sebule nzima. Nilisogea mimi na zulia, buti halikusogea. Akasema tumpigie Shangazi simu tumweleze ukweli. Nikakataa. Nikasema kanzu yangu ni ndefu, itafunika.

Haikufunika. Na hata ingefunika, mtu aliyevaa yale mabuti anatembea kama roboti, kishindo chake kinasikika mtaa wa pili.

Shangazi akafungua mlango. Nyuma yake zulia jeupe, ubani unafuka, na pale mlangoni viatu vimepangwa mstari. Akatukaribisha kwa heshima zote, akasema viatu tuviache hapo. Sudi akavua vyake. Mimi nikabaki nimesimama. Shangazi akashusha macho taratibu mpaka chini.

Bado nilikuwa na nafasi! Ningesema tu, Shangazi, nimefanya ujinga, nisaidie. Angecheka yule mama, nasema kweli. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema nimevunjika miguu, na hivi ni viatu vya hospitali.

"Yote miwili, baba?"

"Yote miwili, Shangazi."

Sudi akapaliwa na mate yake mwenyewe.

Jamani, mama yule alinihurumia! Akaleta mifuko ya plastiki akanifunga mabuti yote mawili kwa mikono yake ili niingie. Akaniweka kwenye kochi, akaniinulia miguu juu ya mto wa harusi yake. Barua ya posa ikawekwa mezani haikuguswa, maana alisema mgonjwa kwanza. Akanilisha pilau kwa kijiko, kana kwamba na mikono nayo imevunjika. Kisha akaniuliza jina la mama yangu, akafungua viganja, akaniombea dua ndefu. Miguu inawaka moto, nikaanza kulia. Shangazi akadhani ni imani, naye akalia. Sudi akawa anatazama dari.

Nilichokuwa sijui ni kwamba alipokuwa jikoni alishampigia simu Rehema kazini.

Rehema aliingia na sare zake za hospitali, anahema, hata salamu hakutoa. Akapiga magoti mbele yangu, akatoa mifuko ile. Akayaona mabuti mekundu. Alikuwapo yakinunuliwa! Akayabonyeza hapa na pale, akaingiza kidole kwenye kifundo, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Mimi nikamwambia Shangazi hakunielewa vizuri. Mnaona? Hata pale bado nilikuwa nadanganya, tena namsukumia mzigo mama wa watu ambaye pilau yake iko tumboni mwangu.

Rehema akaomba mashine ya kukaushia nywele. Akalipuliza ganda hewa ya moto, dakika tano kila mguu, akalipanua kwa mikono miwili, akaniambia nikunje vidole. Mguu ukatoka kirahisi kabisa. Akauchunguza kidole kwa kidole, kama mgonjwa wake yeyote, akahakikisha damu inapita. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuteleza kwenye theluji hata siku moja. Nikamwambia sijawahi.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga kelele.

"Nimekuja nikilia njia nzima ndani ya basi," akasema. "Watu wananipisha viti. Nilikuwa najiuliza utaendeshaje tena, nani atakuogesha, na mimi nipunguze shifti ngapi nikuuguze. Nilishapanga vyote mpaka nafika hapa."

Mtu alikuwa ameshakubali kuniogesha, na mimi nilikuwa naogopa kumwambia kiatu kinabana!

Shangazi akainuka, akafuta meza, akaichukua barua na kumrudishia Sudi bila kuifungua. Akamwambia kwa adabu kwamba barua ile imeletwa na mtu aliyevunjika miguu, na mtu huyo hapa nyumbani hayupo. Siku mwenyewe atakapojulikana ni nani, waje tena. Akanipa ndala zake za chooni nirudi nazo nyumbani, maana viatu vingine sikuja navyo.

Jumapili Rehema alikwenda na wenzake. Nimesikia alikodi buti, akasema linabana, akabadilishiwa mara tatu, akafundishwa na mwalimu, akateleza vizuri tu. Mimi nilikuwa kitandani na kucha mbili nyeusi.

Imepita miezi mitatu. Simu zangu anapokea, ndiyo maana bado sijakata tamaa. Shangazi pia nilimwendea peke yangu kumwomba radhi, nikavua viatu mlangoni mapema, akanisamehe na kunipa chai. Lakini barua bado iko kwa Sudi, na hakuna anayeitaja.

Basi nyinyi mnaosoma hapa, hasa sisi wa ugenini tunaopenda kujifanya tunaweza kila kitu, mtu akikuuliza kama kinakubana, mwambie kinanibana. Mwambie palepale, mbele ya unayempenda, aibu ikushike iishe. Usifike nilipofika mimi. Jana nilimpigia Rehema, akaniuliza hujambo, nikamjibu sijambo.

Akauliza, "Kweli?"