Magoti Yangu Mbele ya Baba Mkwe

Zaidi ya mwaka niliishi na namba moja kichwani: thelathini na nane. Ndiyo idadi ya picha za video ambamo nyayo zangu zilikuwa chini nilipopimwa mara ya mwisho, kabla sijapata mimba. Unaruka palepale kwa miguu yote miwili, mikono kiunoni, simu inarekodi polepole. Kisha mwalimu anahesabu umekaa chini picha ngapi na hewani ngapi, anaweka na uzito wako, anapata ugumu wa mguu. Mguu uliokaza unakurudishia nguvu uliyoutia. Uliolegea unaimeza, na wenzako wanakuacha.

Sasa mtoto alikuwa na miezi minane, na mwalimu wa mazoezi, mgeni kutoka mkoa mwingine, alikuja Bujonde kunipima tena. Ikizidi arobaini, nafasi yangu kwenye kambi ya wakimbiaji inakwenda kwa msichana wa Ngonga. Aliniambia hivyohivyo, bila kuzunguka. Majaribio ni matatu tu, linahesabiwa lililo bora, maana baada ya hapo miguu inachoka na kipimo hakiaminiki.

Uwanja wa shule ulikuwa tope tupu. Pagumu palikuwa mahali pamoja tu, sakafu ya saruji ya kuanikia kakao karibu na nyumbani. Tukasogeza kakao kwa reki, tukapata nafasi ya kutosha kitanda. Wifi yangu alikaa pembeni na mtoto. Nikafungua kitenge, nikabaki na bukta, kwa kuwa mwalimu alitaka kuyaona magoti. Nilishaulizia asubuhi: baba mkwe amekwenda Katumba Songwe, anarudi jioni.

Jaribio la kwanza, arobaini na nne. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto.

"Umebana mabega," mwalimu alisema. "Legeza juu, kaza chini."

Nikamjibu kwamba ni rahisi kusema ukiwa umechuchumaa na simu. Hakucheka.

La pili nililianza vizuri. Nilisikia mwenyewe nyayo zikigonga saruji, mlio mfupi na mkavu. Halafu kofia ya baba mkwe ikatokea kwenye migomba. Alikuwa amewahi kurudi, na alikuja moja kwa moja kwenye kakao zake.

Tangu niolewe, miaka mitatu, mimi na mzee huyo hatujawahi kutazamana usoni wala kusemeshana. Nikimwona njiani nakaa pembeni, nachuchumaa, nageuza uso mpaka apite. Nyumba nyingi za Wanyakyusa zimeshaacha mambo hayo. Yetu haijaacha. Mimi ninayebishana na kila muuza samaki sokoni, kwake sina sauti.

Magoti hayakuniuliza. Yalikunjika yenyewe nikiwa bado hewani, nikatua nimelegea kama uji, nikaendelea kushuka hadi nikachuchumaa na kujivutia kitenge.

"Hamsini na mbili," mwalimu alisema baada ya kuhesabu. "Mbona unakunja magoti?"

"Ni baba," wifi alinong'ona.

"Basi msalimie, tumalize. Limebaki moja, na mimi nina safari."

Nilitamani kumrushia reki. Nilitamani pia kulia, na machozi yalishaanza kutoka. Hakuna wa kumwambia mzee aondoke kwenye kakao zake mwenyewe. Na nikisimama na bukta mbele yake, nitaingiaje tena jikoni kwa mama mkwe? Nikibaki chini, kambi ndiyo imekwisha. Miezi yote ya kukimbia kwenye majaruba ya mpunga alfajiri, maziwa yakivuja kifuani, inaishia hapo. Nilikaa nimetazama saruji. Mwalimu alianza kufunga begi lake.

Ndipo nikamsikia mzee akikohoa, akaanza kusema kwa Kinyakyusa, taratibu. Hakuwa anasema nami. Alikuwa anasema na mtoto, ambaye alikuwa amelala fofofo mgongoni kwa wifi.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako aruke. Mimi nageuza kakao za upande huu."

Kisha nikasikia reki. Niliinua macho kidogo tu na kuona mgongo wake, shati limelowa jasho, uso ameuelekeza migombani kama ninavyofanya mimi kila siku.

Nilisimama. Mwalimu alitoa tena simu. Niliruka nikiwa nimetazama mgongo ule, nikiogopa usigeuke, na haukugeuka. Mwalimu alihesabu mara mbili, midomo ikicheza.

"Thelathini na tisa."

Nilifunga kitenge. Mzee alikuwa bado anavuta reki, akirudiarudia kakao zilezile alizokwisha kuzigeuza. Nikapiga goti nyuma yake, ingawa hakuweza kuniona, nikamshukuru kupitia kwa mwanangu, kwa sauti ya kumfikia mzee.

"Mwambie babu, ndaga fijo."

Reki ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.