Zamu Yangu ya Uji

Macho yangu ni mekundu kwa moshi. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndilo lililoleta yote. Hapa kijijini Pito kuni ni za kutafuta. Tunapikia magunzi na mabua, na magunzi yakiwa mabichi moshi wake unakutoa machozi kama uko msibani. Nimepuliza moto tangu nikiwa mtoto. Mtu anataka macho yangu yawe na rangi gani?

Mjukuu wangu alipandishwa kutoka Wampembe aje asome kwangu. Mama yake ni binti yangu, anauza samaki kule ziwani. Aliniambia wazi, "Mama, akibaki huku ataishia kupara samaki kama mimi." Basi mtoto akaja, akasoma vizuri mpaka darasa la nne. Siku moja akamgawia msichana wa dawati moja muhindi wa kuchoma, yule msichana akashikwa na tumbo. Tumbo lilipona. Maneno yalibaki. Wakasema muhindi ulitoka kwa bibi mwenye macho mekundu, na wewe unajua Sumbawanga tunavyosemwa kwa uchawi, hata sisi wenyewe tunasemana.

Walimwandama njiani. "Bibi yako leo kaja na ungo au na bodaboda?" Mwingine anadakia, "Kwa ungo, lakini umeisha breki!" Ukiwasikia utacheka, kama mjukuu si wako. Dawati la watoto watatu akawa analikalia peke yake.

Akaniambia, "Bibi, nirudishe Wampembe."

"Ukafanye nini?"

"Nikapare samaki."

Alisema bila kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Anayelia bado anataka kubembelezwa. Tangu siku hiyo kila gari la samaki lililopita likirudi ziwani nililitolea macho, nikihofia yumo.

Shuleni wazazi tunapika uji kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilibeba mwiko wangu, nikapika, nikaita. Watoto walisimama mbali na vikombe vyao vitupu kama mbuzi walioona mbwa. Mjukuu wangu alikunywa peke yake huku wote wakimtazama. Uji uliobaki nilimpa jirani anayefuga nguruwe. Nguruwe walishiba, na hakuna aliyekufa.

Baada ya hapo akaja mwenyekiti wa kamati ya shule. "Shikamoo bibi. Tumekaa, tumeona upumzike zamu. Umri umekwenda."

"Umri wa kulima matuta hamuuoni, mnauona wa kukoroga uji?"

Nilikuwa nimechoka, nisifiche. Magoti yalikuwa yananiuma, na kupumzika kwenyewe ningekupenda. Lakini kama ningeacha zamu, mjukuu wangu angebeba maneno ya shule nzima: mnaona, hata kamati imemtoa. Nikamwambia zamu yangu siiachi.

Mwalimu wa darasa lake ni binti mdogo, mgeni wa huku, baridi inamtesa, amejifunga mashuka mawili. Akanifuata nyumbani. "Bibi, naomba ukipika uonje kwanza mbele yao. Nasikia ni desturi yenu."

Ni kweli, ni desturi. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, kuondoa sumu. Lakini nilimwambia, "Mwalimu, pombe huonjwa kila nyumba, mwenye nyumba awe yeyote. Mimi nikionja peke yangu kati ya wazazi wote, nimekiri. Watasema aliutia uchawi, leo ameutoa. Sionji."

Akaniomba maji, nikampa, akanywa yote. Halafu akasema, "Basi na iwe kila siku. Kila mpishi."

Alilipeleka darasani, akawaachia watoto wapange. Wakabishana siku nzima, mjukuu wangu alinisimulia. Walichoafikiana ni hiki: wanakaa kwa makundi, kila kundi lina mwonjaji wake wa siku, kwa zamu, apike nani asipike nani. Akionja ndipo wengine wanywe. Walianza na mama mmoja wa kwaya ambaye hakuna anayemshuku kitu, akanuna wiki nzima.

Zamu yangu ikarudi. Katika kundi la mjukuu wangu mwonjaji alikuwa yule yule msichana wa muhindi. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilisikia upepo kwenye bati. Mimi niliendelea kukoroga, maana nisingesimama kumbembeleza mtoto anywe uji.

Akafunga macho, akanywa. Akakunja uso.

"Nini?" wenzake wakaruka. "Nini?"

"Hauna sukari!"

Wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Sukari kamwambie baba yako alete, mimi nimeleta unga." Wakacheka tena, safari hii vikombe vikiwa vimenyooshwa.

Si wote. Kundi moja mwonjaji wao aligoma, wote wakarudi nyumbani na njaa, na mwalimu hakuwalazimisha. Wako akina mama ambao mpaka leo wakiniona njiani wanakumbuka ghafla kwamba walikuwa wanapita shambani. Siwafuati. Sina nguvu hizo, na nguvu kidogo nilizonazo ni za mwiko.

Ila asubuhi moja nikiwa napuliza moto nilisikia mtu anamwita mjukuu wangu kutoka barabarani. Nikachungulia. Ni yule msichana, kajikunyata kwa baridi, kasimama nje ya uzio.

"Ingia uote moto," nikamwambia.

"Hapana bibi, shikamoo. Namsubiri hapa hapa."

"Marahaba."

Hakuingia. Lakini alisubiri, mjukuu wangu akatoka mbio viatu mkononi, wakaondoka wawili wakigombana nani amechelewesha nani. Nikarudi jikoni. Magunzi yalikuwa mabichi.