Sindano Haivunji Mfungo

Mimi ndiye niliyesema sindano haivunji mfungo. Wengine wanapenda kusema "tulikosea". Nilikosea mimi.

Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na minne, ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi nilimchoma insulini mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la tatu, na mkono wangu haukutetemeka hata siku moja. Mtaa wetu wote wa Kikula ulijua. Nilijivuna, kwa nini nisijivune?

Siku moja alianguka shuleni, mwili ukamrukaruka, povu mdomoni. Kabla hajafika nyumbani jina lilikuwa limeshafika: kifafa. Huku kwetu povu la kifafa watu wanalikimbia. Hakuna aliyemshika. Binti yangu mwenyewe, mama yake mdogo, akamtengea kikombe, akakiweka chini karibu na mlango.

Mama wa maombi wa kanisa letu akasema ni pepo, tufunge siku tatu, na mtoto naye, kutoka asubuhi mpaka jua lizame.

"Na sindano yake?" nikamwuliza.

"Weye unaona je, mama?"

Nikajibu kama mtu aliyesoma: "Sindano si chakula. Haivunji mfungo."

Siku ya kwanza, mchana, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka.

"Nkambo, minasikia njala mubaya."

"Vumilia, mama. Ni pepo inaogopa."

Nilimwambia hivyo. Mimi, nkambo yake.

Siku ya pili nikamchoma tena. Kabla ya saa sita akaanguka katikati yetu. Tukazidi kupaza sauti za maombi, mpaka jirani yetu muuguzi akasikia, akasukuma mlango. Akamlaza ubavu, akamtoboa kidole, akatazama kipimo chake.

"Mutoto alikula nini?"

"Amefunga. Ni sindano tu," nikajibu.

"Mulimuchoma insulini na hamukumupa chakula? Bamama, munamuua!"

Hospitalini wakamtia maji ya sukari mshipani, macho yakarudi. Daktari akanieleza polepole: insulini bila chakula inaangusha sukari mpaka ubongo unakosa cha kula, ndipo mwili unapigwa namna ile. Sukari ikipanda sana, nayo inaweza kumwangusha mtu.

"Asubuhi ile alipoanguka shuleni, alikula?" akaniuliza.

Hakula. Makaa yalikuwa yamelowa, nikamchoma, nikamwambia atakula akirudi.

Mama wa maombi akaja kumwona, anacheka: "Munaona? Pepo imetoka!"

"Toka weye," nikamwambia.

Mpaka leo kanisani hawakai naye benchi moja. Nimewaeleza mpaka mate yamenikauka. Wanaitika "ndiyo, mama", halafu wanasogea. Hilo naweza kulimeza. Lisilomezeka ni kwamba sasa anajichoma mwenyewe. Nikinyoosha mkono, anavuta sindano kifuani: "Acha tu, nkambo." Anasema kwa heshima. Kisha ananipa mgongo mpaka amalize.