Mjomba au Baba Mdogo? Neno Lililomkwamisha Kasuku

Saa tatu asubuhi mlango wa stoo unafungwa, feni inazimwa, na mwanamke mmoja anavua viatu ili visilie sakafuni. Kuta zimefunikwa kwa magodoro ya zamani. Mbele yake imesimama maiki iliyovalishwa soksi nyeusi, na pembeni kuna skrini ndogo inayoonyesha theluji, farasi na watu wenye mapanga.

Anabana kidevu kifuani, anakuwa mfalme. Anakiinua, anakuwa mjakazi. Joka linapopita juu ya ngome anavuta pumzi na kutoa mngurumo mrefu unaoishia kwenye kikohozi.

“Joka lako leo lina mafua,” anasema fundi sauti, aliyekaa nje ya mlango na hedifoni masikioni.

“Liache. Limetoka kwenye baridi.”

Wengi wanaomfahamu hawajui jina alilopewa na wazazi. Wanamwita Kasuku. Ana miaka arobaini na moja, na kazi yake ni kutafsiri tamthilia za ng’ambo na kuzisimulia kwa Kiswahili, sauti zote peke yake. Malipo ya kipindi kimoja, anasema, yanatosha chakula cha wiki kwake na kwa binti yake, “tukila kwa adabu”.

Jina lenyewe halimfurahishi sana. “Kasuku anarudia alichosikia. Mimi lazima nielewe kwanza ndipo niseme. Walionibatiza hawakufikiri vizuri, lakini limeshaniganda.”

Kabla ya hapo alikuwa mtangazaji wa stendi. Kwa miaka tisa aliwaambia watu basi gani linaondoka na mlango gani unafungwa. Kisha kampuni ikaleta mashine, ikamwomba asome matangazo yote mara moja, ikayahifadhi, ikamuaga.

“Yaani nilifukuzwa na sauti yangu mwenyewe,” anasema na kucheka hadi anashika ubavu. “Mpaka leo nikipita pale najisikia nikiwahimiza watu wawahi. Na mimi nawahi!”

Tamthilia iliyompa sifa ni ya falme za kale. Koo mbili, Nungunungu na Korongo, zinagombea kiti kimoja cha enzi. Mfalme wa Nungunungu ameuawa. Amebaki mtoto wake pekee, msichana wa miaka kumi na miwili, na kila mwenye jeshi anamtafuta. Mashabiki wanaifuata kwa Kiswahili cha Kasuku, na wakitoka ukumbini hubishana njia nzima: nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa dada ya nani, na nani ana haki ya kukaa wapi.

Mwaka huu Kasuku alikwama kwenye neno moja.

Mwishoni mwa kipindi kimoja, yule msichana anakimbia msituni, miguu imekufa ganzi. Anatokea jemadari mwenye kovu shavuni. Anashuka kwenye farasi, anavua joho lake, anamfunika. Msichana anamtazama, anamtambua, anatamka neno moja tu. Kipindi kinaishia hapo.

“Wenye lugha yao kwa neno hilo wanamwita ndugu wa mama, wanamwita na ndugu wa baba, mkubwa kwa mdogo,” anaeleza Kasuku. “Kwao yametosha. Sisi huwezi kumwita mtu hivyo bila kusema katokea upande gani.”

Fundi sauti hakuona shida. “Sema mjomba, tupite. Umeme wenyewe huu si wa kuuringia.”

Kasuku hakupita. Vita nzima inahusu kiti cha baba. Ndugu wa mama hana fungu pale. Akija, amekuja kwa mapenzi tu. Ndugu wa baba akija, ana haki yake, na kati yake na kiti amebaki mtoto mmoja anayetetemeka kwa baridi. Angekuwa mkubwa kuliko marehemu, angeshatawala yeye. Kwa hiyo ni mjomba au ni baba mdogo, na waliotengeneza tamthilia walikuwa wameificha siri hiyo kwa makusudi. Vipindi vya mbele vilikuwa havijaletwa.

“Basi sema anko,” fundi akatoa ushauri wa mwisho. “Kila mtu anaelewa.”

Hapo, anasema Kasuku, alivua hedifoni akatoka nje kunywa maji. Neno hilo alikuwa analijua vizuri kuliko fundi.

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na minne. Mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, akahamia karibu ili awatazame mjane na mtoto. Machozi hayajakauka, minong’ono ikaanza: huyo amekuja kuchukua nyumba. Msichana akaisikia. Tangu alipojua kusema alikuwa akimwita baba mdogo. Wiki ile akaanza kumwita anko.

“Nilitaka neno lisilo na baba ndani yake,” anasema.

Nyumba haikuchukuliwa. Mdogo wa marehemu alitandika kitanda chake nyuma ya karakana, akamsomesha mtoto kwa mageti na madirisha ya watu. Mama aliishi kwenye nyumba ile mpaka alipofariki, na leo wanaishi humo Kasuku na binti yake.

“Hatukuwahi kugombana hata siku moja. Minong’ono nilishaiacha zamani. Ila neno lilibaki. Nilikua nalo, nikaolewa nalo, nikaachika nalo. Ukishamwita mtu anko miaka yote hiyo, utaanzia wapi?”

Jumamosi mchana Kasuku alikwenda kwenye ukumbi ambako kipindi huonyeshwa kabla ya kusambazwa. Ni chumba kirefu chenye viti vya plastiki, mapazia mazito na feni mbili, moja inazunguka, nyingine inasindikiza. Alimpa mwenye ukumbi kipindi ambacho hajakimaliza, akamwomba asimamishe picha kwenye uso wa jemadari. Akasimama mbele ya watu akauliza: “Jamani, huyu ni nani kwa huyu mtoto?”

Hakuhitaji kuuliza mara mbili.

“Mjomba huyo!” Fundi viatu wa mtaa ule alikuwa ameshasimama. “Nani mwingine anakuja bila kuitwa, na mkononi ana kitu? Mjomba hana kiti, ana zawadi.”

Muuguzi mmoja, bado yuko na sare ya kazini, akainua mkono kisha akaongea bila kusubiri ruhusa. “Hebu tazama joho lenyewe. Lina alama ya Nungunungu. Ndugu wa mama angelitoa wapi?”

“Ameliokota vitani.”

“Kumbe ni mjomba wa mitumba!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi viatu akasubiri kitulie, naye akarudi na uso usio na utani.

“Sawa dada, nimekusikia. Lakini akiwa baba mdogo, mtoto amekwisha. Mtu kaona kiti kiko wazi, akaona na kitoto kimesimama mlangoni. Unadhani atafanya nini?”

“Kwani baba wadogo wote ni fisi?”

“Kwenye nyumba yenye urithi? Wote.”

Wengine wakaitikia, wengine wakaguna. Ndipo ikatoka sauti safu ya nyuma kabisa, ya taratibu, ya mtu asiyezoea kusema mbele za watu.

“Inawezekana mtu akawa baba mdogo, kiti kikawa wazi, na asikikalie.”

Watu wakageuka. Alikuwa mzee mwenye kofia ya kitambaa, mikono imejaa madoa ya moto.

“Mzee, umeona vipindi vya mbele nini?” mtu akamuuliza.

“Sijaona. Nasema inawezekana.”

Kasuku, aliyekuwa amesimama mbele na daftari la tafsiri kifuani, alimtambua. Alikuwa ndiye yeye, fundi wa kuchomelea, mdogo wa baba yake.

Mwenye ukumbi ndiye aliyemweleza baadaye kwamba mzee yule huja kila Jumamosi tangu tamthilia ilipoanza. Hulipa kiingilio kama wengine, hukaa nyuma, huondoka kimya.

“Hakuwahi kuniambia,” anasema Kasuku. “Mimi nilidhani hata hajui hasa nafanya kazi gani. Mazungumzo yetu ni shikamoo anko, marahaba mwanangu, habari za mtoto, nzuri. Basi.”

Mzee mwenyewe, alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, alijikuna shavu kwanza. “Hadithi yenyewe siifuati vizuri. Majoka yananichanganya. Mimi naenda kumsikia yeye. Nyumbani haongei vile.”

Jumatatu Kasuku alirudi stoo. Msichana akamtazama jemadari, na Kasuku akasema, “Baba mdogo!”

“Mara ya kwanza ilitoka kama anaita basi,” anakumbuka fundi sauti. “Ya pili akakohoa. Ya tatu aliisema chini chini, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Nikasubiri aseme tena. Hakusema. Nikaona hiyo hiyo inatosha.”

Ukumbini hali ilichafuka. Fundi viatu alisimama juu ya kiti akatangaza kwamba Kasuku amemuua mtoto wa watu. Siku chache baadaye alimshonea kandambili yake bila kumwambia hata karibu, akamrudishia kwa kumtupia. Muuguzi naye alitembea mtaani kama aliyeshinda uchaguzi, ingawa hakuna aliyekuwa na uhakika bado.

Ilibidi wasubiri. Katika kipindi cha tatu baada ya hapo, jemadari anafika kwenye kaburi la mfalme, anavua kofia ya chuma, anapiga goti. “Kaka,” anasema, “tumetoka tumbo moja, na mimi ndiye niliyebaki.”

Kasuku aliipata sentensi hiyo kabla ya mashabiki, akaificha. “Nilipiga kelele mle stoo mpaka fundi akatupa hedifoni. Kisha nikakaa chini. Ningesema mjomba, ningekuwa nimewadanganya watu vipindi vyote vile.”

Ilipoonyeshwa, muuguzi alizunguka ukumbi mzima akipiga vigelegele. Fundi viatu alikunja mikono. “Sawa, ni baba mdogo, nimekubali. Lakini sijamsikia akisema kiti hakitaki. Mimi nipo hapa nasubiri.”

Watu walipoanza kutoka, Kasuku aliona kofia ya kitambaa ikielekea mlangoni.

“Baba mdogo!” akaita.

Mzee hakugeuka. Akaita tena. Mzee akazidi kwenda, taratibu, mkono umeshika pazia. Ikabidi fundi viatu amguse bega: “Mzee, unaitwa.”

Akageuka, na kitu cha kwanza alichotazama ni skrini. Ilikuwa imeshazimwa.

“Nilidhani ni kwenye filamu,” anasema mzee.

“Nikamwambia filamu imekwisha, ni mimi,” anasema Kasuku. “Akasema, ‘Naam.’ Tukatoka pamoja. Njiani aliniuliza kama yule joka ana mke.”

Msimu mpya wa tamthilia utaanza kutafsiriwa karibuni, na Kasuku ameshaomba ukumbi mapema. Ametazama dondoo za kwanza, kuna binamu anayetaka kumposa binti mfalme, na anataka mashabiki wamsaidie kujua ni mtoto wa mjomba, wa shangazi au wa nani. Fundi viatu ameshatoa uamuzi wake bila kuona chochote.

Lakini mpango ulio karibu zaidi na moyo wake umetokana na swali la muuguzi. Siku moja, Kasuku akiwa anawachorea wenzake ukoo wa Nungunungu vizazi vitano kwa chaki, muuguzi alimuuliza: “Na bibi yako mzaa baba aliitwa nani?” Chaki ikasimama hewani. Hakumjua.

“Wafalme wasiokuwepo nawajua mpaka farasi zao,” anasema. “Watu wangu siwajui.”

Kwa hiyo anakusudia kurekodi masimulizi ya ukoo wake kwa sauti ya mzee mwenyewe, vipindi vingi kadiri mzee atakavyojaliwa, ili binti yake ayakute. Mzee aligoma kwanza. “Nani atasikiliza? Mimi sina joka.”

Jumapili hii alasiri, karakana imefunga kazi. Harufu ya chuma kilichoungua bado iko hewani. Kasuku ameweka maiki juu ya ndoo iliyopinduliwa, na binti yake ameketi juu ya geti ambalo halijapakwa rangi.

“Tuanze na babu,” anasema Kasuku. “Alikuwa mtu wa namna gani?”

Mzee anafuta mikono kwenye suruali, moja kisha nyingine. “Babu yako huwezi kumwelewa bila kaka yake.”

“Babu alikuwa na kaka?”

“Walikuwa saba,” anasema mzee. “Na wawili hawakusemeshana mpaka wanakufa. Washa hicho kidude chako.”