Maji Ndani ya Waya

Wanafunzi wa uhandisi walimpachika jina la Mama Mawimbi, naye alijua, ila alijifanya hajui. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha mawasiliano ya redio katika ukumbi uliojengwa kwa wanafunzi themanini, ukaingiza mia moja na tisini. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi, na waliokosa ngazi walisimama nje ya madirisha wakinakili ubao kwa kukisia. Kipaza sauti kilikufa mwaka wake wa tatu. Aliandika barua saba kuomba kingine, ya nane akaiacha. Tangu hapo alifundisha kwa koo lake mwenyewe, na ikifika Alhamisi sauti ilikuwa imebaki kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Mumewe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alishazoea kujibiwa kwa ishara jioni.

"Wewe ndiye mtaalamu wa mawasiliano," alimwambia siku moja, "lakini humu ndani hakuna mtandao."

Mama Mawimbi alicheka bila sauti, akavua viatu, akavuta rundo la mitihani.

Kufundisha kulimpa riziki, lakini roho yake ilikuwa kwenye utafiti. Ng'ambo ya kilima cha chuo palikuwa na bonde, na ndani ya bonde zahanati ndogo ambako simu hazikushika. Kampuni za simu zilikuja, zikaangalia idadi ya watu, zikaaga. Mama mjamzito akizidiwa, mtu alitumwa kupanda kilima kwa mwendo wa saa nzima atafute mahali pa kupigia gari la wagonjwa. Mama Mawimbi alitaka kujua jambo moja tu: mawimbi ya redio yanaweza kupenya msitu uliopo kati ya zahanati na paa la maabara yake, au majani yatayameza njiani?

Akafunga antena moja kwenye nguzo nyuma ya zahanati na nyingine juu ya paa la maabara. Kutoka paani waya mnene uliteremka hadi kwenye mashine ya kupimia, na kila wiki kwa miaka mitatu yeye na fundi wa maabara, mzee wa maneno machache, waliandika nguvu ya mawimbi yaliyofika. Namba zilitoka safi kabisa. Kiangazi, msitu ukiwa umepukutika, mawimbi yalifika vizuri. Masika, majani yakishonana, nguvu ilishuka hadi karibu na sifuri. Aliandika makala, jarida lenye heshima likaichapisha, watafiti wa mbali wakainukuu. Ofisi ya afya nayo ikasoma hitimisho lake: bonde lile linahitaji mnara mrefu unaovuka vilele vya miti. Mnara wa namna hiyo ofisi haikuuweza. Faili likafungwa.

Miaka minne baadaye aliomba uprofesa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na makala ile ndiyo iliyobeba maombi yake. Mwezi huohuo paa la maabara likaanza kukarabatiwa, na fundi akapanda kushusha waya wa zamani.

"Mwalimu," alimwita kutoka mlangoni, "hebu njoo uone kitu."

Waya ulikuwa umelazwa mezani. Fundi alikuwa amechana mpira pale mwisho wake ulipoungana na antena. Shaba ya ndani ilikuwa ya kijani kwa kutu. Aliuinamisha kidogo, na matone mawili ya maji yakaangukia meza.

"Yameingia tangu lini?"

"Si jana wala juzi. Kutu ya hivi inakula miaka."

Mama Mawimbi alivuta kiti akakaa. Alikuwa ameshaelewa. Mvua ileile iliyoleta majani ndiyo iliyojaza maji kwenye waya, na jua lililopukutisha msitu ndilo lililoukausha. Miaka mitatu alidhani anaupima msitu, kumbe anapima ubovu wa waya wake mwenyewe. Akakumbuka pia kwamba mwaka wa kwanza fundi aliomba waushushe waukague, naye akamkatalia, wasije wakavuruga vipimo katikati. Fundi hakulitaja hilo. Alichukua kitambaa akafuta meza.

Walifunga waya mpya, wakaziba viungo vyote, wakapima upya masika yale. Majani yalikuwa yamejaa kama kawaida, lakini mawimbi yalifika. Msitu ulimeza kidogo tu. Nguzo fupi, isiyozidi urefu wa nyumba, ingetosha.

Alipeleka karatasi hizo kwa mkuu wa idara, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake na mpaka leo alisimama kila alipomwona akiingia.

"Mwalimu wangu," alisema baada ya kusoma, "kamati ya vyeo inakaa mwezi ujao. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukishapata cheo utaandika makala nyingine ya kusahihisha. Itaonekana utafiti umesonga mbele."

"Na zahanati?"

"Zahanati imesubiri miaka minne. Mwezi mmoja ni nini?"

"Miaka hiyo minne ni mimi niliyewasubirisha."

Mkuu alitazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na idara yenye walimu saba na kazi ya walimu kumi na wanne, na alihitaji profesa. Mama Mawimbi alilijua hilo, akakusanya karatasi zake akaaga.

Siku mbili barua ya kuliomba jarida liiondoe makala ile ilikaa kwenye kompyuta yake bila kutumwa. Asije mtu akasema hakutamani. Alitamani sana. Alichoka kuitwa mhadhiri mwandamizi, alichoka kuwaona vijana aliowafundisha kuandika ripoti wakimpita kwenye ngazi za vyeo, na mwezi mmoja kweli si kitu. Jioni ya pili alimweleza mumewe yote, kwa sauti iliyokwaruza.

Mzee alisikiliza akimenya chungwa. "Mimi nimefundisha darasa la nne miaka thelathini," alisema. "Mtoto akikosa hesabu tulimwambia afute. Profesa sijui anaambiwaje."

"Anaambiwa asubiri mwezi."

"Haya." Akamgawia nusu ya chungwa.

Aliituma Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi cha saa mbili, kisha akaenda kufundisha. Kamati ilipokaa, jibu lake lilikuwa fupi: machapisho hayatoshi, maombi yameahirishwa. Kwenye korido baadhi ya wenzake walimpa mkono, lakini walizungumza kwa sauti ya kuhani msiba. Mmoja, ambaye alikuwa amejenga utafiti wake juu ya makala ile, alipita bila salamu, wala Mama Mawimbi hakumlaumu.

Kazi iliyobaki ndiyo iliyomwia nzito. Alishuka bondeni yeye mwenyewe kwa miguu, hadi kwa muuguzi mkuu wa zahanati, mama wa makamo aliyekuwa akihesabu glavu kwenye sanduku. Alimweleza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo nguzo fupi ingetosha tangu mwanzo," alisema muuguzi mwishoni.

"Ingetosha."

Muuguzi alifunika sanduku. "Wawili," alisema. "Katika miaka hiyo ni wawili waliokufa ambao gari lingewawahi. Sisemi ni wewe, dada. Nasema ni wawili."

Nje mtoto alikuwa akilia kwa sababu ya sindano, na mama yake akimbembeleza.

"Kaa basi," muuguzi alisema, akimsogezea benchi. "Hiyo nguzo inasimama lini?"

Ilichukua miezi saba. Faili lililofungwa lilifunguliwa kwa taabu, likapotea mara moja, likaonekana chini ya faili lingine. Fundi alitengeneza nguzo kwa mabomba ya maji yaliyobaki kwenye ukarabati, na mwalimu alikagua kila kiungo kwa vidole vyake, kisha akarudia. Siku ya kuwasha, muuguzi alishika kipaza sauti cha redio kama mtu aliyeshikishwa nyoka, akauliza kama wanamsikia, na fundi kutoka maabara akajibu kwamba wanamsikia vizuri mno, asogee nyuma kidogo.

Wiki ya pili mama mmoja alizidiwa, muuguzi akaita kwa redio, maabara ikapiga simu, gari likafika, mama na mtoto wakapona. Habari zilimfikia Mama Mawimbi siku tatu baadaye, fundi alipozitaja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Alikuwa katikati ya kusahihisha mitihani. Aliweka kalamu chini, akafumba macho kwa muda. Alitegemea furaha, kikaja kitu kama usingizi. Kisha akavuta karatasi ya mia moja na kumi na mbili.

Uprofesa hakuupata. Miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu, kila muhula alitenga kipindi kizima kufundisha makala yake iliyoondolewa, mstari kwa mstari, akionyesha kosa lilipoingia na nani alikataa waya ukaguliwe. Katika kipindi cha mwisho kabisa msichana mmoja aliyekaa kwenye ngazi alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kama fundi asingeuchana ule waya ungejuaje?"

"Nisingejua."

"Ingekuwaje sasa?"

"Ningekuwa profesa," alisema, na ukumbi mzima ukacheka hadi waliokuwa madirishani. Aliwasubiri wamalize. Kisha akatafuta kwenye boksi kipande cha chaki kinachoshikika, akageukia ubao, akaendelea na hesabu.