Mshenga Mwenye Kidonda Mdomoni

Aibu hii naisema mwenyewe kwa sababu mke wangu ameshaitangaza Miyuji nzima, na yeye akisimulia anaongeza chumvi.

Kwenye ukoo wetu mshenga ni mimi. Sijawahi kurudi na posa iliyokataliwa (mdomo ninao, sijisifu), kwa hiyo Elia, mtoto wa marehemu dada yangu, alipopata mchumba Nzuguni, hakuna aliyeuliza nani atamsemea. Sasa ndani ya shavu langu palikuwa pameota kinyama, kwa kusuguliwa na meno ya bandia yaliyolegea, na daktari akaniambia si kansa, wazee wengi wa meno ya bandia wanacho, atakiondoa kwa leza, nyuzi hakuna, damu kidogo sana. Niliposikia ni mwanga tu nikajisemea, ah, mwanga utanifanya nini! Nikaenda Ijumaa, na posa ni Jumamosi, wala sikumwambia mtu, hata mke wangu, nikihofia watasema mzee ana kansa waninyang'anye ushenga.

Kweli hakikuuma. Ila kabla sijashuka kitini nikapewa masharti: meno ya bandia nisivae mpaka kidonda kipone, cha moto nisiguse, na maneno niyapunguze. Maneno! Mimi!

Asubuhi shavu limevimba, na kila nikijaribu kusema, mate yanatangulia. Nikaona bora ninyamaze, heshima ibaki. Mke wangu akadhani nimemnunia, naye akaninunia, tukafika Nzuguni hatusemeshani, Elia katikati yetu na shati jipya, jasho linamtoka.

Ikaletwa chai ya tangawizi, inafuka moshi. Jamani, kwetu ukikataa chai ya ukweni umemkataa binti, hilo hata mtoto analijua. Nikakisukuma kikombe pembeni. Baba wa binti akaniomba niseme kilichotuleta, nami nikanyoosha kidole kwa Elia, kisha kwa binti, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "kama mwanangu hamumtaki, njia mliyojia mnaijua."

Elia akanigeukia, machozi yanamlenga. "Mjomba, nimekukosea nini?"

Nikafungua mdomo wote, kibogoyo mbele ya wakwe, nikawaonyesha kidonda na kueleza yote huku mate yananidondokea kwenye koti. Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu, na nyumba nzima ikafuata.

Bibi wa binti peke yake hakucheka. Alikuja na mkongojo wake, akamwambia mjukuu aniwashie tochi ya simu, akanichungulia weee, kisha akauliza kama niliumia. Nikamwambia hata kidogo. Ndipo akafungua mdomo wake: kinyama kama punje ya karanga, anakificha mwaka wa pili, akiamini ni kansa na hataki kuwahangaisha watoto. Mwanawe, yule yule aliyetaka kunifukuza, akafuta macho kwa kiganja.

Posa ikakubaliwa. Jumatatu nilimsindikiza bibi kwa daktari, akaambiwa naye si kansa, akanishika mkono hakuniachia mpaka nyumbani. Roho iliniuma: nilichokuwa nakificha ndicho alichohitaji kukiona.

Nimeapa sifichi tena ugonjwa, na posa sipeleki nikiwa na kidonda. Mke wangu anasema kiapo cha pili nisijisumbue nacho, kwani hakuna atakayenituma tena.